UZI: Namna ya kusoma mabadiliko ya msitu wa asili ukiwa ndani yake (mfano: Amani, Usambara Mashariki)

#1 Kipimo Tu (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Anayetoka Amani kwa mara ya kwanza hushuka Muheza na jibu moja: msitu mnene, kijani tupu, uko salama. Kijani si kipimo. Shamba la iliki chini ya miti mirefu ni kijani. Pengo lililojaa lantana (kichaka cha kigeni kinachovamia) ni kijani kuliko msitu wenyewe. Uzi huu ni wa anayetaka kurudi na kitu anachoweza kukilinganisha mwakani na mwaka utakaofuata.

Kwa wasiopajua: Amani ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 1997, karibu hekta 8,380, chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Inapanda kutoka mita 190 hivi juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya 1,100. Maji ya Mto Sigi yanayotoka humo huishia bwawa la Mabayani, na ndiyo wanayokunywa watu wa Tanga mjini. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo hapo mwaka 1902, wakapanda miti ya kila pembe ya dunia. Baadhi ya miti hiyo haikukubali kukaa bustanini.

Kanuni yangu ni moja: ukisimama, tazama mara tatu. Juu, kifuani, magotini. Miti ya juu inakueleza msitu ulivyokuwa zamani sana, kabla ya baba zetu. Miche ya magotini inakueleza utakavyokuwa. Juu ukiona mtambara, mnyasa na msambu (miti mikubwa ya asili ya hapa), na magotini usione mche hata mmoja wa hiyo mitatu, msitu umeshabadilika, ila miti mikubwa bado haijafa.

Kwa hiyo hesabu miche. Chukua kamba ya mita 8, ifunge kitanzi, weka fundo kila mita 2. Ukiitandaza kwa pembe nne una mraba wa m 2 kwa m 2. Weka mraba mmoja kila mita 50 za njia, na uingie ndani angalau mita 5 kutoka ukingo wa njia. Sababu: njia inaingiza mwanga, na kando yake utakuta miche inayopenda jua tu. Ukihesabia kandokando ya njia utaripoti msitu usiokuwepo.

Ndani ya mraba hesabu miche ya miti tu (si mimea laini, si kamba za kutambaa) yenye urefu usiofika m 1.3. Andika kila aina na idadi yake. Usiyoijua, mpe namba, piga picha ya jani upande wa juu na upande wa chini, na uandike majani yamekaa yakitazamana au yamepishana. Miraba 10 ni mwanzo. Ishirini inaanza kusema kitu.

#2 Binti Sambaa

Asante mleta uzi. Ongeza hili: usichanganye mche uliotoka kwenye mbegu na chipukizi la kisiki. Fukua majani makavu kidogo pale chini. Chipukizi la kisiki ni mti wa zamani unaojaribu kuishi tena, haukuhesabii kizazi kipya. Watu wanawajumlisha pamoja halafu wanashangaa kwa nini eneo lililokatwa "linazaliana vizuri".

#3 Mgeni wa Milima

Wakuu, kila anayeandika kuhusu Amani anataja Maesopsis. Unautambuaje mti huo bila mtaalamu?

#4 Hondohondo

Mkuu, *Maesopsis eminii* ndio ule Waganda wanaouita musizi. Kwao ni mti wa asili na mbao zake ni za kawaida kabisa. Usambara ni mgeni: uliletwa enzi za Wajerumani, halafu ukapandwa kwa wingi miaka ya 1960 na 1970, hasa pale palipokuwa pamevunwa mbao.

Kuutambua: shina limenyooka kama nguzo, gome la kijivu lenye mifereji ya kwenda juu. Jani linang'aa, refu kuliko upana, ncha imechongoka, na ukingo una meno ya duara. Hayo meno ndiyo alama ya haraka kwenye mche. Tunda ni kama zambarau ndogo, sm 2 hadi 3, linaanza kijani, linapita manjano, linaishia zambarau iliyokoza. Ndani kuna kokwa ngumu.

Ukikuta makokwa hayo yamerundikana chini ya mti ambao si musizi, inua kichwa. Huo ni mti wa kutua hondohondo. Ndege huyu anameza tunda zima, anaruka nalo, anaitema kokwa mbali. Kima nao wanasaidia. Ndiyo maana musizi uko ndani kabisa ya msitu, kilomita kadhaa kutoka mahali ulipopandwa. Kichekesho chenyewe ni hiki: hondohondo anahitaji mti mkubwa mzee wenye tundu, maana jike hujiziba ndani akitaga, na ni yeye huyohuyo anayesambaza mti unaochukua nafasi ya hiyo mizee.

Kosa la kawaida: mtu anaona musizi mkubwa anaandika "uvamizi". Mti mkubwa wa musizi unakwambia kwamba miaka mingi nyuma kulikuwa na pengo pale. Basi. Uliza chini yake kuna nini.

#5 Mnyasa Mkavu

Hapo kwenye #4 nakubali nusu. Musizi si wa kuuchekea. Jani lake linaoza haraka, kwa hiyo lile tandiko la majani unalolikuta chini ya msitu wa asili linakuwa jembamba au halipo kabisa. Wadudu na vyura wa kwenye majani makavu wanakosa makazi. Jaribio rahisi: chukua kijiti kilichowekwa alama za sentimita, kichome kwenye majani hadi kiguse udongo, mara 10 chini ya musizi na mara 10 chini ya mtambara kwenye mteremko uleule. Andika unene. Usifanye baada ya mvua kubwa kwenye mteremko mkali, maji yanasukuma majani yote bondeni na utapima mafuriko.

Ninachosema ni kwamba ilibidi ung'olewe wote.

#6 Hondohondo

Uking'olewa wote kwa mpigo, mkuu, utafungua mapengo ya mita 15 au 20, na nani ataingia? Mbegu za musizi zilizomo udongoni, lantana, na *Clidemia* (kichaka kingine cha kigeni). Musizi unapenda mwanga. Mche wake chini ya kivuli kizito husinyaa na kufa. Chini ya mwanga unakimbia kuliko mche wowote wa asili. Kuukata bila mpango ni kuupandia watoto.

Wanaotaka kuupunguza wana njia ya kukata gome mviringo, upana wa kiganja, hadi kwenye mti mweupe, ili ufe taratibu ukiwa umesimama na mwanga uingie kidogo kidogo. Ukiacha hata ukanda mwembamba wa gome upande mmoja, unapona. Na hii ni kazi ya wenye hifadhi. Mgeni akitwaa panga akaanza kubandua magome, ni kosa la jinai kwa Sheria ya Misitu ya 2002.

Anayetembelea kazi yake ni ile ya #1: chini ya musizi kuna miche ya nani? Ikiwa ni mtambara na msambu, kile kivuli kinalea. Ikiwa ni *Clidemia* tupu, tuna shida.

#7 Mnyasa Mkavu

Sawa, kwa hoja ya mapengo nakubali. Kwa tandiko la majani narudi palepale.

#8 Fundi Kamba

Mnazungumza miti inayoingia. Mimi nazungumzia inayotoka.

Kupima ukataji kuna utaratibu ambao watafiti wameutumia sana kwenye misitu ya Tao la Mashariki (milima kama Usambara na Uluguru) na ya pwani, na hauhitaji kifaa cha bei. Unatembea mstari ulionyooka kwa dira (si njia ya miguu!), unahesabu mita 5 kushoto na mita 5 kulia. Kila mita 50 ni kipande kimoja. Kipande kimoja ni mita za mraba 500, hivyo vipande 20 ni kilomita moja ya kutembea na hekta moja kamili.

Kila shina ndani ya kipande liingie moja ya makundi mawili. Nguzo: kipenyo sm 5 hadi 15, limenyooka angalau mita 2. Mti wa mbao: zaidi ya sm 15, limenyooka angalau mita 3. Halafu kila moja: mzima, aliyekufa mwenyewe, aliyekatwa karibuni, aliyekatwa zamani.

Msibebe rula. Chukua uzi, weka fundo sm 15.7 na jingine sm 47.1 kutoka mwanzo. Ukizungusha shina kwa urefu wa m 1.3, fundo la kwanza ni kipenyo cha sm 5, la pili ni sm 15. Kisiki kifupi kipimwe pale kilipokatwa, na uandike hivyo.

Karibuni au zamani? Kisiki kipya uso wake ni mweupe au manjano, unga wa msumeno upo, utomvu unanata. Kikishapita msimu wa mvua kinakuwa kijivu kisha cheusi, uyoga unaota, kingo zinabonyea ukibonyeza kwa kidole gumba. Usiamini chipukizi kama saa. Aina nyingine zinachipua ndani ya wiki chache, nyingine hazichipui milele.

Kwa nini uhesabu na wazima? Visiki 12 penye nguzo hai 100 ni habari moja, visiki 12 penye nguzo hai 20 ni habari nyingine kabisa. Ripoti nyingi za wageni zinataja visiki tu, na haziwezi kulinganishwa na chochote.

Mteremko ndio unaoharibu hesabu za Usambara. Kamba ikilala kwenye mteremko wa digrii 30, mita 50 za kamba ni mita 43 tu kwenye ramani. Ama ivute kamba mlalo kwa hatua fupi fupi za mita 5, ama uongeze: kwa digrii 30 unahitaji karibu mita 58 za kamba.

#9 Mla Iliki

Fundi Kamba kazungumza vizuri, ila kuna ukataji usioacha kisiki ukauona. Iliki. Mkulima anafyeka chini yote, anaacha miti mirefu kwa ajili ya kivuli. Ukipita utaona miti mikubwa, hewa baridi, picha nzuri. Hakuna mche hata mmoja. Iliki ikichoka baada ya miaka kadhaa anahamia mbele, pengine pale anaweka mdalasini au migomba. Miti mirefu ikizeeka hakuna wa kurithi.

Kipimo chake ni cha pili katika vile vitatu vya mleta uzi: kifuani. Simama, tazama mbele kwa usawa. Msitu wa asili wenye kivuli kizuri humwoni mwenzako aliyevaa shati jekundu akiwa mita 25 hadi 30. Ukimwona mita 60 chini ya miti mirefu, tabaka la kati limeondolewa. Fanyeni kwa pande nne, muandike umbali anapopotea. Mtu na shati, hakuna gharama.

#10 Setilaiti Bure

Na hilo shamba la iliki, kutoka angani, ni msitu. Ndiyo sababu ramani peke yake zinadanganya hapa. Mambo machache kwa wanaotumia picha za bure:

Setilaiti ya Sentinel-2 inaona kwa mita 10, ipo tangu 2015. Landsat ina mita 30 lakini kumbukumbu zake zinarudi hadi miaka ya 1970 (za mwanzo kabisa ni hafifu zaidi ya hapo). Picha za Landsat 7 baada ya Mei 2003 zina mistari myeusi kwa sababu kifaa kiliharibika. Si moto wala barabara, msije mkaandika.

Linganisha mwezi na mwezi uleule. Januari na Februari kunakuwa na nafuu ya mawingu. Ukilinganisha Februari ya mwaka mmoja na Mei ya mwingine, utapima mvua.

Ramani za "upotevu wa miti" zinahesabu mikaratusi ya mashamba ya chai ikivunwa kama upotevu, na musizi ukikua kama faida. Kwa hiyo kabla ya kushtuka kuhusu doa jekundu, angalia umbo: lenye kona nne na mistari ni shamba. Doa lisilo na umbo ndani ya hifadhi ndilo la kulifuata kwa miguu. Chai yenyewe inaonekana laini kama zulia, msitu una chembechembe kama koliflawa.

#11 Mwana wa Kilifi

Salamu kutoka upande wa Kenya. Mbinu ya #8 inafaa pia Arabuko-Sokoke, lakini musichukue hesabu za Amani mukazilinganisha nayo. Ule ni msitu wa pwani, mkavu, karibu kilomita za mraba 420, na ndani yake muna misitu mitatu tofauti: mrihi kwenye mchanga mweupe, mfunda kwenye udongo mwekundu, na ule mchanganyiko wenye mbambakofi. Mrihi kiasili una uwazi. Mtu akitoka Usambara na lile shati jekundu atasema umefyekwa, na haujafyekwa. Hesabu kila aina ya udongo kivyake.

Cha kutafuta huku ni visiki vya muhuhu, mti wa kuchonga vinyago. Mgumu, kisiki chake kinakaa miaka mingi bila kuoza, kwa hiyo zile alama za "zamani" alizotaja Fundi Kamba zitakupoteza: kisiki cheusi cha muhuhu chaweza kuwa cha miaka mingi sana.

Na kwenye kaya (misitu mitakatifu ya Wamijikenda), hapana mstari wa dira. Unaingia na mzee, unapitia anapopita yeye. Kaya Kinondo utafungwa kaniki kiunoni. Hakitoki kitu, hata jani kavu. Unapiga picha pale unaporuhusiwa, unahesabu kwa macho. Misitu ile imebaki kwa sababu ya masharti hayo hayo.

#12 Binti Sambaa

Tukirudi Amani. Wasioweza kuhesabu miti basi wachague mwamba. Kando ya vijito kuna miamba yenye ukungu wa kijani na urujuani wa Usambara, *Saintpaulia*, ua ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilituma Ujerumani mwaka 1892 na sasa liko madirishani dunia nzima. Porini linataka kivuli na unyevu. Mti mmoja unaoukinga mwamba ukianguka, jua linaingia na majani ya ua yanaungua kingo na kuwa kahawia ndani ya msimu mmoja wa kiangazi. Mwamba hauhami. Picha moja kila mwaka, umbali uleule, weka kalamu pembeni kama kipimo, hesabu mashina. Msing'oe hata moja, na msikanyage ukungu. Ukibanduka unachukua miaka kurudi.

#13 Mgeni wa Milima

Dada, na wale wanaopima unene wa mti kila mwaka? Mbona vipimo vingine vinaonyesha mti umepungua?

#14 Kipimo Tu

Mara nyingi mti haujapungua, mkuu. Kilichohama ni tepu. Miti ya kivulini inaongezeka milimita moja hadi tatu tu kwa mwaka, kwa hiyo ukiipandisha tepu sm 10 juu ya pale pa mwaka jana, unaweza kufuta ukuaji wa mwaka mzima.

Pima kwenye m 1.3 ukiwa upande wa juu wa mteremko. Tumia fimbo iliyokatwa urefu huo huo, usikisie kwa kifua chako. Ondoa ukungu na uinue kamba za mimea, tepu ipite chini yake. Mti wenye mizizi mipana iliyosimama kama kuta, panda hadi sm 50 juu ya mahali kuta zinapoishia, na uandike urefu uliotumia, maana mwakani kuta zitakuwa zimepanda. Gawanya mzunguko kwa 3.1416: mzunguko wa sm 157 ni kipenyo cha sm 50.

Misumari na vibao vya namba ni kwa wenye kibali cha utafiti tu. Vikiruhusiwa, viwe vya alumini, msumari uwe mbali na mstari wa kupimia kwa sm 30 hivi kwa sababu gome huvimba kuuzunguka, na usigongwe hadi mwisho. Mti utameza kibao.

#15 Fundi Kamba

Kabla sijasahau, viatu. Tunda moja la *Clidemia* (jani lenye nywele na mishipa mitano iliyopinda, tunda bluu nyeusi) lina mbegu zaidi ya mia, ndogo kama vumbi. Zinasafiri kwenye tope la soli. Brashi ngumu na ndoo ya maji kabla ya kupanda milima, na tena kabla ya kwenda msitu mwingine. Msitoke Amani mkaenda Uluguru na tope lilelile.

Na mambo ya geti: unalipa kwa namba ya malipo ya serikali, chukua mwongozaji, na kumwambia mapema kwamba mtasimama kila mita 50 ni ustaarabu. Wengi wao wanajua majina ya Kisambaa ya miti ambayo vitabu havina. Andika jina hilo kama alivyolitamka.

#16 Mgeni wa Milima

Swali la mwisho wakuu. Picha za miaka iliyopita zilizopigwa kwa simu bila dira, na GPS ikaonyesha nukta iko mtoni, ni za kutupa?

#17 Kipimo Tu

Usitupe. Chini ya miti GPS ya simu inakosea mita 10 na zaidi, hivyo mtoni ni kawaida. Chapisha picha kwenye karatasi, nenda nayo. Tafuta vitu viwili visivyohama, kimoja karibu na kimoja mbali: jiwe, uma wa mti mkubwa, kona ya njia. Sogea kushoto au kulia hadi vikae kwenye mstari mmoja kama vilivyo pichani. Kisha sogea mbele au nyuma hadi pengo kati ya vingine viwili lilingane. Umesimama palepale pa zamani, kosa likizidi ni hatua moja.

Hapo sasa soma dira, pima hatua hadi mti wa karibu wenye sura ya kukumbukwa, andika kwa penseli (kalamu ya wino Amani haimalizi siku), piga picha mpya simu ikiwa mlalo, kabla ya saa tatu asubuhi, au siku yenye wingu. Nakala moja iache kwa mwongozaji, kwa sababu mwaka kesho huenda akaja mtu mwingine na si wewe.